Mwalimu wa Mayai na Kamba ya Vibanio

Kuku. Alikuwa anaogopa kuku, mayai alikuwa haogopi. Nakujibu kabla hujauliza, kwa sababu kila anayekalia hicho kigoda akishapewa uji huishia hapo hapo: bibi, yule Mwalimu wa mayai, ni kweli alipanda juu ya meza? Alipanda. Nilikuwepo. Jogoo wangu mwekundu alinifuata mpaka nyumbani kwake Kibondo, maana alikuwa na wivu yule jogoo, akaingia sebuleni, akasema tu "kok?" Hivyo tu, kama mtu anayebisha hodi. Mwalimu, mtu mzima na tai yake shingoni, nikamwona yuko juu ya meza na viatu vyake, anasema, "Bibi, muondoe ndugu huyu. Muondoe kwa heshima."

Kwa heshima! Kuku!

Mwanangu, mimi shule sikuisoma. Nilipelekwa siku mbili, ya tatu mbuzi wa baba akapotea na mimi nikapotea naye. Lakini masikio ninayo, na mdomo unaoiga kila sauti ninao, mchungaji amenikanya mara nyingi. Kwa hiyo nikisema Mwalimu alisema hivi, alisema hivi. Sauti yake ilitokea puani, polepole, kama mtu anayepima chumvi: "Biiibi. Yai hili. Lina. Siku. Ngapi?"

Hapo ndipo tulipokutana. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, serikali ilimleta kutoka upande wa Tanga huko, kwanza Kasulu, halafu Kibondo. Mimi nilikuwa napitisha mayai kwenye nyumba za walimu asubuhi, ukungu bado umelala barabarani. Wenzake walikuwa wanauliza yai bei gani. Yeye alinyanyua moja, akalielekeza kwenye jua, akaniuliza lina siku ngapi, na limetagwa mahali penye jogoo au pasipo jogoo. Nikasema, baba, unataka kula au unataka kulifungisha ndoa? Hakucheka. Akasema anataka lenye jogoo, na anataka kujua siku. Kesho yake nikamletea mayai yenye mistari ya mkaa: yai la siku moja mstari mmoja, la siku nne mistari minne. Alilitazama la kwanza, akalitazama la pili, akaita mke wake jikoni kwa sauti ambayo ungedhani nyumba inaungua: "Mama! Njoo uone! Huyu bibi anaandika!"

Mimi naandika. Nilirudi Murungu siku hiyo kichwa kimevimba hata kitambaa hakikutosha.

Sasa kazi yake ilikuwa hivi, nakueleza kama nilivyoelezwa. Kuna watu duniani kazi yao ni kuangalia kitu kinavyoanza kuwa kitu. Yai ni maji na mafuta tu, sivyo? Halafu baada ya siku ishirini na moja lina macho, lina kucha, lina kiburi. Hapo katikati kumetokea nini? Nani aliyeliambia jicho likae hapa na mguu ukae kule? Hao watu ndio wanaoangalia hicho. Wengine wanaangalia chura, wengine samaki, wengine nzi. Ndiyo, nzi, usinitolee macho. Mwalimu wetu aliangalia kuku, kuku ambaye hamwezi.

Siku moja akaniita. Alikuwa amechukua yai langu lililolala chini ya kuku siku tatu, akalikata kidirisha kidogo juu, kama dirisha la choo, akaweka taa pembeni. "Bibi. Sogea. Usipumue juu yake." Nikasogea. Nikaona kitone chekundu. Kinaruka. Mwanangu, kinaruka! Hakuna kifaranga, hakuna kichwa cha maana, hakuna chochote, lakini kitone kinaruka, tup, tup, tup, na nyuzi nyekundu zimetapakaa pembeni kama mizizi. Mimi nimelalisha kuku tangu sijaota matiti, nimeangua vifaranga vya kulisha kijiji, na kumbe kila mara chini ya lile tumbo la kuku kulikuwa na ngoma inapigwa na sijaalikwa. Nilicheza. Nilicheza pale pale kwenye sakafu ya serikali, na Mwalimu akashika tai yake akacheza kidogo na yeye, mabega tu, watu wa Tanga hawarushi miguu.

Mke wake alikuwa mlangoni na mwiko. Mama Mwalimu huyo alikuwa mtu wa maneno machache sana, akitoa moja unalifunga kwenye kanga uende nalo. Akasema kwa ile sauti yake laini ya pwani, "Haya, na mimi nipikie nini?"

Maana mayai ya nyumba ile yote yaliishia kwenye vidirisha. Na Mwalimu mwenyewe yai halili. Alisema, "Siwezi kula mtu ambaye nimeona moyo wake." Lakini kuku wa kukaanga anakula! Anakula mpaka shingo! Nikamwuliza, Mwalimu, na huyu moyo wake uliuona lini? Akafuta mdomo, akasema na huyu hawakujuana.

Nikuambie usemi wake mkubwa. Usemi wake ulikuwa, "Usiniambie ngapi. Niambie kwa kila moja." Huo aliusema kila mahali. Ukimwambia shamba la fulani limetoa magunia kumi, "Usiniambie ngapi, kwa kila shina limetoa nini?" Ukimwambia kwaya ya kanisa ina watu hamsini, "Kwa kila mtu sauti ni kiasi gani?" Siku moja kwenye harusi Kitahana mshereheshaji akatangaza bwana harusi ana ng'ombe wengi, na Mwalimu akanyoosha mkono, akanyoosha mkono harusini kama darasani, akauliza, "Na kila ng'ombe anatoa maziwa vikombe vingapi?" Baba wa bwana harusi mpaka leo hamsalimii. Maana kweli wale ng'ombe walikuwa ngozi tu na pembe.

Huo usemi ulitoka kwenye kamba.

Sebuleni kwake kulikuwa na kamba kutoka dari mpaka karibu na sakafu, na juu yake vibanio vya nguo, kila kibanio kimebana kikaratasi cha nchi. Mgeni wa kwanza alidhani wanaanika. Oya, hapana! Ilikuwa ni ligi. Kama vile vijana wanavyojua timu gani inaongoza, Mwalimu alijua nchi gani inaongoza kwenye mambo ya yai kuwa kifaranga na kiluwiluwi kuwa chura. Wanaongozaje? Kwa kutajwa. Mtu wa nchi moja akiandika karatasi kuhusu yai, mtu mwingine kule mbali akiandika yake lazima aseme, hili nililichukua kwa fulani. Basi fulani ametajwa. Nchi inayotajwa sana inapanda. Mwalimu alikuwa anazipata hizo habari kwenye magazeti yao ya wasomi, siku hizi kwenye simu, akipata tu unasikia kamba inalia, kri, kri, anahamisha vibanio.

Mimi kusoma sijui, kwa hiyo alinichorea bendera kwa kalamu za wanafunzi. Nikazijua zote. Uingereza ile iliyoshonwa na fundi aliyelewa rubisi. Marekani pajama. Uswisi ni ya msalaba. Na Japani, mwanangu, Japani nilipoiona nikapiga kigelegele: nyeupe, katikati kitone chekundu! Nikamwambia Mwalimu hawa wamechora yai la siku tatu, hawa ni ndugu zetu. Akasema, "Bibi, hilo hakuna profesa aliyewahi kuliona."

Na Tanzania? Kibanio cha kijani. Alikiweka chini kabisa, karibu na sakafu, paka akipita anakigusa na mkia. Alikiweka yeye mwenyewe. Mimi nikamwambia, si uongo huo, Tanzania ina wasomi wengi, wa mbu, wa malaria, wanatajwa kila siku redioni. Akasema, "Hao ni wa mbu. Bibi, utalinganisha maharage na muhogo?" Nikasema hapana, muhogo unachelewa, maharage yanakimbia. "Basi. Wa magonjwa wanatajwa haraka, wa mayai wanatajwa polepole. Tulinganishe mayai na mayai." Na kwa mayai, alisema, kibanio hiki hakiinuki mpaka karatasi yetu itajwe.

Karatasi yetu. Usisahau hilo neno, alisema "yetu".

Hiyo karatasi ilianza hivi. Aliniuliza kwa nini mayai mengine ya siku tatu moyo hauruki. Nikamwambia Mwalimu, hayo ni yale niliyoyakawiza. Sisi huku milimani ukipata yai leo humpi kuku leo, unasubiri yatimie. Unayaweka kwenye kikapu chenye ulezi, pana ubaridi. Yai lililokaa kwenye ulezi siku mbili tatu, ukilipeleka kwa kuku linaamka vizuri. Lililokaa wiki mbili linaamka na usingizi, usianze kulihesabia siku ile ile, litachelewa. Hata mama yangu alijua hilo, na mama yangu alikuwa hajui hata miaka yake. Mwalimu alitoka mbio akasahau kandambili moja. Kuanzia hapo ikawa kazi. Mvua mbili na viangazi viwili. Mimi mistari ya mkaa kwa siku za kwenye ulezi, na alama ya msalaba kwa siku za chini ya kuku. Yeye vidirisha, taa, daftari. Kuna profesa mmoja wa Dar alikuja kuangalia, mtu mnene mpole, aliona mistari yangu akasema, "Hii ni data." Nikamwambia hayo ni mayai, baba.

Wakaiandika, ikatoka kwenye gazeti la wasomi, dogo, lakini la kwelikweli. Mwalimu akaiweka kwenye fremu ya kioo ambayo kabla yake ilikuwa na picha ya harusi yao. Ndiyo! Mama Mwalimu alipoona akasema, "Haya, mie nimestaafu." Nikamwambia Mwalimu, nioneshe nilipo. Nikaweka kidole kwenye kioo: hapa? hapa? Akacheka, akazungusha mkono juu ya karatasi yote kama anabariki, akasema, "Bibi, hii yote ni kazi yako."

Sasa mtu akikuambia hivyo, wewe utaelewa nini? Nilielewa nimo. Nikatangaza. Murungu nikatangaza, Kitahana nikatangaza, kwenye mkutano wa akina mama Gwarama nikasimama nikasema mimi nasomwa Ulaya. Wakasema bibi unajisifu. Nikasema sijisifu, natajwa, ni vitu viwili tofauti, muulizeni Mwalimu. Maana na hilo alinifundisha: nchi ikijitaja yenyewe haihesabiki sana. Kuna nchi zina wasomi wengi mpaka wanatajana wenyewe kwa wenyewe, kama ukoo unaojisifia kwenye harusi yao. Alipenda kupunguza hao. "Nataka kujua jirani anasemaje."

Tatizo lake lilikuwa kwamba yeye alielewa ngapi na kwa kila moja, lakini wanafunzi hawakuelewa. Alikuja kwangu amechoka, amekaa pale kwenye jiwe la kusagia, miguu juu maana kuku wako uani. Akasema, "Bibi, nawaambia kuna nchi kubwa imeandika karatasi nyingi mno, na kuna nchi ndogo imeandika chache, lakini kwa kila moja ile ndogo inatajwa zaidi. Wananiangalia kama mbuzi." Nikamwambia ni kwa sababu unawaambia nchi. Waambie maharage.

Unajua sisi huku mbegu haina jina la dukani. Ukinipa kikombe cha maharage nikapanda yakazaa, hayo yanaitwa kwa jina lako. Nikimpa jirani lazima niseme, chukua, ni ya fulani. Usiposema, wanawake watajua tu, na mwaka mwingine utaomba mbegu na kila nyumba itakuwa imeishiwa. Sasa kulikuwa na mke wa bwana mmoja mkubwa hapa, alikuwa anagawa mbegu kwa debe, kila nyumba debe. Tukapika. Tukala. Nani anamtaja? Hakuna. Halafu kuna Mama Yohana, alikuja kutoka Burundi anakimbia, na kwenye pindo la nguo yake ameshona maharage, kikombe kimoja hakijai. Kikombe kimoja! Leo nenda Murungu, nenda Kitahana, fika hadi Gwarama, uliza umepanda nini. Ya Mama Yohana. Watoto ambao hawajamwona wanasema Mama Yohana. Amekufa zamani, na kila mvua ya kwanza anaitwa kwenye kila shamba kama yuko nyuma ya nyumba. Basi, mke wa bwana mkubwa ni nchi kubwa. Mama Yohana ni ile ndogo yenye msalaba, Uswisi.

Mwalimu alisimama juu ya jiwe la kusagia. Alisahau kuku. "Hiyo!" akasema. "Hiyo hiyo! Kwa kila kikombe!" Kesho yake akaenda darasani na maharage mfukoni, na wanafunzi wakaelewa mpaka wale wa nyuma. Tangu siku hiyo, ukimkaribisha chakula, kabla hajaonja anauliza kwa ile pua yake, "Haya. Ni ya. Nani?" Ukisema ni ya Mama Yohana anainamisha kichwa kidogo. Mke wake alisema, "Sasa ana dini mbili."

Vituko vyake vingine nikivihesabu uji utapoa. Alivaa koti la mvua kiangazi chote na mvua ikinyesha analiacha nyumbani lisilowe. Wanafunzi waliokosa ada aliwafundisha jioni uani bila kusema kwa mtu, na ukimsifu kwa hilo ananuna. Alimjua profesa wa Japani kwa jina, na wa Uingereza, na wanavyokosana, lakini jirani yake wa ukuta mmoja alimwita "ndugu wa redio" miaka yote. Na sokoni hafiki. Hilo lilikuwa maarufu. Wiki ya kwanza Kasulu aliingia sokoni, mama mmoja akamshika mkono huku wa ndizi, mwingine akamshika kule wa dagaa, akatoka hana kalamu wala hamu. Akaapa. "Sokoni hawaniulizi, bibi. Wananivuta." Mpaka viatu alinunuliwa na mkewe, mama wa watu anapima mguu kwa uzi usiku amelala, anakwenda na uzi sokoni. Kibondo nzima ilimjua Mama Mwalimu wa uzi.

Ikafika wakati akastaafu. Wakahamia Kasulu, mkewe alikuwa amejenga kibanda chake kizuri huko, na kamba ikahamia nayo, vibanio vyote, kijani chini. Miaka ikapita. Karatasi haikutajwa. Nilikuwa namtania kwenye simu, namwamkia kwa Kiha: "Mwalimu, mwakeye! Kibanio kimeinuka?" Ananijibu, "Bado, bibi." Halafu siku hizi za karibuni yale majibu yakawa yanachelewa, kama yai la wiki mbili. Mkewe akaniambia Mwalimu anakaa mbele ya kamba tu, hahamishi kitu. Nikaacha utani. Mimi, kuacha utani! Nilijua ni ugonjwa.

Sasa pale shuleni Kibondo alikuja mwalimu mpya wa baiolojia, binti, wanafunzi wanamwita Madam. Ni mtoto wa hapa hapa, bibi yake alikuja kutoka Burundi msafara mmoja na Mama Yohana. Simu yake haitoki mkononi. Alikuwa ameahidi kuangalia kama karatasi ya mzee imetajwa. Asubuhi moja nimeshika jembe, nasikia bodaboda inapiga honi tangu barabarani, na Madam anapiga kelele juu ya ile honi: "Bibiii! Tumetajwa! Wajapani, bibi! Wajapani wametutaja!"

Wajapani! Bendera ya yai! Nilitupa jembe, mpaka leo sijui liliangukia wapi.

Mwalimu alikuwa ameshaambiwa kwa simu, na yeye mwenyewe akanipigia. Sauti ya pua imekwenda, anaongea kama kijana amepata mchumba: "Bibi, njoo Kasulu! Njoo tupandishe kibanio pamoja! Hii ni yetu!" Nikavaa kitenge kipya. Nikapitia kwa jirani, kwa mama mchungaji, kwa yule wa Gwarama aliyesema najisifu, nikawaambia wote nakwenda kusomwa. Nikachukua mayai kwenye kikapu cha ulezi, yenye mistari kama zamani, na kikombe cha maharage ya Mama Yohana. Mimi na Madam kwenye basi tunacheka mpaka kondakta akauliza ni msiba au harusi.

Tulimkuta Mwalimu mlangoni, amevaa tai. Na koti la mvua. Akanishika mikono yote miwili. Kibanio cha kijani alikuwa amekishika mdomoni kama fundi anavyoshika pini, maana alitaka mikono iwe huru kunisalimia. Mama Mwalimu alikuwa kwenye mkeka anapepeta mchele, akaniambia, "Karibu, shoga, ameshindwa kula tangu jana." Tukakaa. Nikasema kabla hatujapandisha, Madam anisomee hiyo karatasi, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Miaka yote hii nasomwa na sijajisikia. Mwalimu akasema, "Naam! Asome!" Akaishusha fremu ukutani mwenyewe, akaipangusa na mkono wa koti.

Madam akasoma. Sauti yake haraka haraka kama redio ya vijana, anakata Kiingereza anatia Kiswahili. Mwanzo ulikuwa mzuri. "Fulani wa Uingereza amesema kwamba yai..." Mwalimu anatikisa kichwa. "Fulani na mwenzake wa Marekani wamesema..." Mwalimu anatikisa kichwa. "Fulani wa Japani..." Nikapiga kigelegele kifupi. Kila akitaja mtu mimi nasema, mhm, na mimi? Na Madam anasema, subiri bibi, tunakuja. Wakatajwa wengi, mwanangu. Nchi zile zote za kamba, moja moja, kila mmoja amepewa chake. Mwalimu alikuwa na adabu sana kwa watu wa mbali.

Halafu Madam akafika mahali panaposema kazi ilifanywaje. Akakohoa. Akasoma kwa Kiingereza kimyakimya. Nikamwambia, soma wewe, ndiyo mimi hapo. Akasoma polepole, bila redio: "Mayai ya kuku wa kienyeji. Yalinunuliwa. Sokoni."

Nikasema, endelea. Akaendelea mpaka mwisho. Kuna shukrani kwa profesa wa Dar, kuna shukrani kwa shule kwa kuwapa meza. Meza! Ile meza aliyoipanda kumkimbia jogoo, imeshukuriwa. Ulezi umo, "nafaka", bila mwenyewe. Mistari ya mkaa imo, "alama". Mimi simo.

Mwalimu alikuwa anatafuta miwani, na miwani iko usoni. Akasema, "Ilikuwa ni... namna ya kuandika, bibi. Wanapenda hivyo. Sokoni ni..." Na mimi, sitakudanganya, kilinijia kicheko, kicheko kibaya, cha kutoka chini kabisa. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtanie utani wa miaka thelathini, nianze na tai yake, na koti lake, na pua yake.

Sikuwahi. Mtu mwingine aliniwahi, na mpaka leo linaniuma kwamba lile neno halikuwa langu, maana ndilo lililomaliza kila kitu. Kamba haipo. Aliishusha siku ile ile, mbele yetu, nchi zote kwenye kikapu kimoja, Uingereza na pajama zikakumbatiana, na mkewe leo anaanikia nguo. Mwalimu hakupandisha kibanio cha kijani, hakutaka tena, alinipa mimi, kile pale kimebana kitenge changu kwenye waya, unakiona. Na wiki iliyofuata walimwona kwenye soko la Kasulu, peke yake, na tai, wanamvuta huku wanamvuta kule, na kila anayemwuzia yai, yeye anamwuliza jina lake na jina la mama yake na analiandika.

Sauti ya huyo aliyeniwahi naiiga vizuri kuliko zote, sikiliza. Mama Mwalimu hakuinua hata kichwa. Alipepeta mchele mara moja, akapuliza pumba, akasema kwa ile sauti laini ya kwao:

"Sokoni? Mwalimu, wewe sokoni umefika lini?"